Kompyuta Ambazo Hazijazinduliwa

Nchi yetu sitaitaja jina, maana yenyewe haipendi kutajwatajwa, na waliowahi kuitaja kwa sauti kubwa hatujawasikia tena. Inatosha mjue kwamba ni nchi nzuri, ina amani, ina mlima mmoja na mawaziri wengi, na kwamba kitu cha serikali hapa kwetu hakitumiki mpaka kizinduliwe na mgeni rasmi. Hilo ndilo linalotutofautisha na nchi za ovyo ovyo, ambako watu wakiletewa kitu wanaanza tu kukitumia, hata aibu hawaoni.

Pale mtoni kwa mfano tuna daraja la zege, pana, lenye taa. Watu wanavuka chini yake, maji kiunoni, viatu kichwani, kwa sababu utepe wake haujakatwa. Zahanati nayo ina wodi ya wazazi yenye vitanda vipya vya chuma. Akina mama wanajifungulia nje barazani, jirani kabisa na wodi, na wakigeuza shingo wanaiona vizuri kupitia dirishani. Hakuna anayelalamika. Mgeni rasmi akipata nafasi atakuja.

Mimi naitwa Mwalimu Lugendo, nafundisha Jiografia katika shule ya msingi ya kata yetu. Naandika haya kwa moyo mweupe, tena kwa uhuru kabisa, kwa kuwa mambo nitakayoyaeleza, kiserikali, hayakutokea. Mahali mtakapoona nimepandisha sauti, mnisamehe, ni mapenzi ya nchi.

Nyumbani nakaa na mpwa wangu Nyamizi, mtoto wa marehemu dada yangu. Dada alikuwa anaponda kokoto kule machimboni, vumbi likamkaa kifuani, akafa bado kijana. Hapa kwetu mtoto asiyefaulu darasa la saba anakwenda machimboni, kazi nyingine hakuna, na kurudia darasa sheria inakataza. Baba mkubwa wa Nyamizi alikwisha kumtengea nafasi pale pale alipokuwa akikaa mama yake, chini ya kivuli kile kile cha magunia. Hana ubaya yule mzee. Aliniambia kwa upole tu kwamba mtoto akifeli asije akakaa bure. Kwa hiyo mwaka ule nilikuwa nataka jambo moja tu hapa duniani, Nyamizi afaulu.

*

Mwanzoni mwa mwaka Waziri wa Elimu alitangaza redioni kwamba kompyuta sasa itaingia katika kila somo. Alisema hataki tena iwe somo la pekee, limekaa pembeni linaangaliwa. Iingie kwenye Hisabati, iingie kwenye Historia, kwenye Sayansi, mpaka kwenye Michezo. Na mtihani wa kumaliza darasa la saba utakuwa wa vitendo: mtoto ataketi mbele ya kompyuta, achore ramani humo, atengeneze jedwali humo, aandike barua humo. Asiyejua kuitumia amefeli masomo yote, hata kama dunia nzima anayo kichwani. Nilimsikiliza nikasema moyoni, hili sasa ni jambo la maana. Hata leo nasema ni la maana.

Na kompyuta zikaja kweli. Msiseme serikali yetu ni ya maneno matupu. Lori lilizileta, fundi akafunga umeme wa jua juu ya bati, akazipanga mezani kwenye ile iliyokuwa stoo ya majembe, akaziwasha zote zikawaka, akazizima, akaondoka. Kisha akafika Afisa Elimu wa Wilaya, Bwana Masunzu, mtu mzito wa mwili na wa maneno. Alifunga utepe mwekundu mlangoni kwa mkono wake mwenyewe, akatugeukia walimu na watoto tuliopangwa juani.

“Kompyuta hizi mnaziona,” alisema, “lakini kiserikali bado hazipo. Zitakuwepo siku mgeni rasmi atakapokata utepe huu. Atakayezigusa kabla ya hapo atakuwa amegusa kitu ambacho hakipo, na hilo ni kosa zito kuliko kugusa kilichopo.”

Tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga, tena kwa nguvu, maana nilikuwa mbele.

Baadaye nilimwendea Mwalimu Mkuu wetu, Bi. Leokadia, nikamwomba niwachoree watoto japo ile kibodi ubaoni, wajue herufi zimekaa wapi. Bi. Leokadia ni mtu mwenye utu, alifikiri sana. Akasema kukichora kitu ambacho hakijazinduliwa ni kama kukizindua kidogo kidogo, na yeye amebakiza muda mfupi astaafu.

*

Lakini agizo la waziri lilikuwa pale pale: kompyuta katika kila somo. Tufanyeje? Hapo ndipo akili za nchi yetu zinapoonekana. Iliundwa kamati ya maandalizi ya uzinduzi, na kamati ikaamua kwamba kwa kuwa uzinduzi ni wa kompyuta, basi kila kitakachofanywa kwa ajili ya uzinduzi ni elimu ya kompyuta.

Kuanzia hapo watoto wa darasa la saba walisoma hasa. Kwenye Kiswahili walitunga ngonjera ya kuisifu kompyuta, ubeti juu ya ubeti. Kwenye Hisabati walipiga hesabu za viti na soda: mgeni rasmi na msafara wake wanakunywa chupa nzima, wazazi nusu, je, watoto watakunywa nini? Jibu sahihi lilikuwa maji. Kwenye Sayansi walimwagilia maua na kupaka mawe chokaa, wakajifunza mabadiliko ya maada, maana jiwe lilikuwa jeusi na sasa ni jeupe. Kwenye Historia walikariri maisha ya mgeni rasmi, yaani waziri mwenyewe, tangu alipozaliwa katika familia ya kawaida, wanakozaliwa wakubwa wote. Mimi kwenye Jiografia nilifundisha njia ya msafara, mashimo yako wapi, na upepo unavuma kutoka upande gani ili vumbi la magari lisiwarudie wenyewe. Kwenye Michezo walipunga bendera.

Mkaguzi wa shule alikuja, akaketi nyuma ya darasa, akasikiliza vipindi vyote. Aliandika kwamba katika kazi yake yote hajaona shule iliyoingiza kompyuta ndani ya masomo namna hii. Tulipewa cheti. Kimetundikwa ofisini mpaka sasa, na hakuna hata neno moja la uongo ndani yake.

Tatizo lilianzishwa na Nyamizi. Bwana Masunzu alikuja kuangalia mazoezi ya kwaya, akaridhika, na mwishoni akauliza kama kuna mwenye swali. Kila mtu anajua kuwa hapo hakuna anayetakiwa kuuliza, ni namna tu ya kuagana. Mtoto akanyoosha mkono.

“Shikamoo, mheshimiwa. Naomba kuuliza, kompyuta yenyewe tutaishika lini?”

Bwana Masunzu alitabasamu, akasema swali zuri sana, akasema watoto wa namna hii ndio hazina ya taifa. Jioni ile ile Nyamizi aliondolewa kwenye kwaya. Alipewa ndoo ya kumwagilia maua yaliyopandwa kando ya chumba cha kompyuta, awe huko peke yake wakati wenzake wanaimba uwanjani, asije akawaambukiza.

*

Mgeni rasmi hakuja. Siku aliyopangiwa maturubai yalifungwa, watoto wakasimama juani tangu asubuhi, mchana tukaambiwa amesafiri nje kwenda kujifunza jinsi wenzetu wanavyozindua. Alipangiwa siku nyingine. Safari hii waziri alifutwa kazi, akateuliwa mwingine. Jina kwenye wimbo likabadilishwa, jiwe la uzinduzi lililokwisha chongwa likatupwa likachongwa jingine, na Historia yote tuliyofundisha ikawa si ya kweli, tukaanza upya na familia nyingine ya kawaida. Mwishowe tukaletewa habari kwamba waziri mpya atakuja bila kukosa, mara tu baada ya mtihani.

Baada ya mtihani! Nilipanda baiskeli nikaenda wilayani. Nilimwomba Bwana Masunzu asogeze mtihani mbele au afungue chumba, lolote kati ya hayo mawili. Alinieleza kwa subira kwamba mtihani ni wa Baraza la Mitihani, na utepe ni wa Itifaki, wanaopanga sherehe za wakubwa. Hizo ni ofisi mbili, ziko majengo mbalimbali, wala hazisalimiani. Nikauliza kama basi diwani wetu asingeweza kuukata huo utepe, maana yeye yupo, hana kazi. Akaniuliza, na jiwe? Jiwe limechongwa jina la waziri. Je, tuwe na jiwe linalosema uongo?

Nikamweleza habari za Nyamizi. Sikuficha kitu, nilimweleza na mama yake alivyokuwa anakohoa. Bwana Masunzu alivua miwani, akasema anaumia kama mzazi. Aliniahidi kiti kwenye turubai la wageni, safu ya pili.

Niliporudi shuleni nilimkuta mtoto anakoroga chokaa. Vidole vilikuwa vimepasuka pasuka, vyeupe, na kucha zimekatika. Ilikuwa mikono ya mama yake ile, kabisa. Jamani, mimi ni mtu mwoga, nimeishi vizuri nchini humu kwa woga wangu. Lakini pale niliona nikisubiri tena nitamzika na huyu.

“Weka ndoo chini,” nikamwambia. “Njoo huku.”

*

Mlango haukuwa na kufuli. Nchi yetu haihitaji kufuli palipo na utepe. Tulilala kifudifudi tukatambaa chini yake, mimi na tai yangu, yeye na sketi ya shule, tukaingia.

Chuoni nilikuwa nimefundishwa kompyuta, si sana, ila ya kunitosha. Niliiwasha ile ya mwisho kabisa, ya pembeni. Ilipowaka Nyamizi alirudi nyuma hatua, kisha akasogea, akaniuliza kama anaruhusiwa. Nikamwambia haruhusiwi, akae. Akaketi.

Nje kwaya ilikuwa inaimba, sauti zote nne, kwamba kompyuta ni mwanga, kompyuta ni ufunguo, waziri ametuletea. Wenzake walikuwa wanaiimba na yeye alikuwa anaishika. Wimbo uliponyamaza tuliganda, ulipoanza tena tuliendelea. Tulifanya hivyo kila siku ya mazoezi. Alijua kuandika barua. Alijua kutengeneza jedwali la mvua na kulijaza, akacheka peke yake jedwali lilipojumlisha lenyewe. Kilichomkaa zaidi ni ramani. Alichora wilaya yetu yote, mto, barabara, zahanati, na pale machimboni akaweka alama ndogo nyekundu, akaiangalia, akaifuta. Mimi nilisimama nyuma yake nikijikaza nisilie kwa furaha, maana niliona kabisa anafaulu.

Kosa letu lilikuwa nailoni. Mnajua kitu kipya kinavyokuja kimefunikwa nailoni, na watu wenye heshima hawaibandui, ibaki hapo watu waone kuwa ni kipya. Mkurugenzi wetu wa wilaya anakalia nailoni garini mwake hadi leo, anatoka jasho, lakini gari ni jipya. Ile ya kwenye kioo cha kompyuta ilikuwa inazuia rangi za ramani zisionekane vizuri. Nyamizi akaibandua, nami nikamwacha. Tulijaribu kuirudisha ikakataa, ikafanya mapovu, tukaiacha mezani.

*

Bwana Masunzu alikuja kukagua utepe siku mbili kabla ya mtihani. Utepe ulikuwa mzima. Alichungulia dirishani kuzihesabu, akaona moja inang'aa kuliko nyingine.

Kengele ilipigwa. Walimu na watoto wote mstarini. Alishika ile nailoni kwa ncha za vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na tumbo.

“Kitu cha serikali kisichokuwa na nailoni,” alisema, “ni kitu kilichokwisha tumika. Kuna mtu hapa amezindua.”

Tuliulizwa mmoja mmoja, hakuna aliyejua. Kamati ilikutana ikajadili kama kompyuta ile inaweza kurudishwa kuwa mpya. Mjumbe mmoja alipendekeza nailoni ibandikwe kwa uji, ikajaribiwa, haikusaidia. Ndipo Bwana Masunzu akasimama tena mstarini kutangaza hekima yake, na lazima nikiri ilikuwa hekima kweli. Alisema yeye hana haja ya kumtafuta mtu. Siku ya mtihani atakaa ndani ya chumba na kuangalia vidole vya watoto. Mtoto hana kosa, mtoto ni mtoto, akijua atapewa alama zake zote na sekondari atakwenda. Ila mtoto hawezi kujua kompyuta katika shule ambayo kompyuta hazijazinduliwa. Akiwepo anayejua, basi yupo mtu mzima aliyemfundisha, na huyo atafungwa kifungo kirefu. Alipomaliza alipigiwa makofi, na macho yangu yalikutana na ya Nyamizi katikati ya watoto. Yeye hakuwa anapiga.

Nyamizi anakaa kwangu. Hata mjinga angejua mtu mzima huyo ni nani.

Jioni ya kuamkia mtihani tuliketi jikoni, yeye anasonga ugali. Nilikuwa nimekwisha panga maneno, nikayasahau yote, nikamwambia tu kama yalivyokuja.

“Kesho ufanye mtihani wako wote. Usinifikirie mimi. Jela watu wanatoka, Nyamizi. Machimboni mama yako hakutoka.”

“Ndiyo, Mjomba,” alisema.

Aliniwekea ugali, akaninawisha mikono. Ni mtoto mtiifu, sikuwahi kumwona akinikatalia jambo. Nililala vizuri usiku ule, nikijiona tayari nimevaa nguo za jela na yeye sare ya sekondari, na niliona ni biashara nzuri.

*

Wasimamizi wa Baraza walifika na kompyuta zao, zilizokwisha zinduliwa huko zilikotoka. Walimu tulizuiwa kusogea. Nilisimama kwenye dirisha la jiko la shule, ambapo chumba cha mtihani kinaonekana chote.

Mtoto wa kwanza aliambiwa aandike barua. Alisimama mbele ya kompyuta, akaipigia saluti, akasoma ngonjera mwanzo hadi mwisho bila kukosea. Wa pili aliambiwa atengeneze jedwali, akamweleza msimamizi mahali viti vya wageni vinapokaa na upepo unakotoka. Wa tatu, msichana mwembamba wa sauti ya pili, aliiangalia kompyuta akaanza kuimba huku machozi yanamtoka, na wenzake waliokuwa nje kwenye foleni wakamwitikia, maana ndivyo walivyofundishwa. Waliimba vizuri sana. Msimamizi alitafuta mahali pa kuweka alama za kuimba, hakupaona. Bwana Masunzu, kitini kwake, alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika kila mtoto aliposhindwa.

Akaitwa Nyamizi. Aliketi vizuri, mgongo umenyooka, kama nilivyomfundisha. Mkono wake wa kulia ulinyanyuka juu ya meza. Bwana Masunzu akainama mbele. Mimi nilishika nondo za dirisha nikawa nasema, haya mama, haya, bonyeza.

Aliushusha mkono akauweka mapajani, akaufunika na mwingine.

Msimamizi alimsomea swali. “Sijui, mwalimu,” alisema. Akamsomea la pili. “Sijui.” Alisomewa maswali yote ya masomo yote, na kila mara alisema hajui, kwa adabu, akiwa anaangalia kioo kile bila kupepesa.

Sikumbuki nilivyotoka jikoni. Niliingia ndani ya chumba cha mtihani, jambo ambalo lenyewe ni kosa la jinai, nikasema mbele ya wote kwamba mtoto huyu anajua, nimemfundisha mimi, niliingia chini ya utepe kwa tumbo langu, nifungwe, nileteeni pingu, lakini mpeni mtihani wake upya. Nilipiga magoti. Nilimshika Bwana Masunzu suruali.

Hakukasirika. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa sauti. Kisha akanieleza kwamba mtihani ndio ushahidi, na ushahidi umeonyesha mtoto hajui kitu, kwa hiyo hakuna aliyemfundisha, kwa hiyo mimi sina kosa, na mtu asiye na kosa haruhusiwi kulikiri. Hiyo ingekuwa fujo. Na majibu ya Baraza yakishaingia hayatoki. Lakini kwa kuwa yeye ni mtu wa haki, alimgeukia Nyamizi akamuuliza kama ni kweli anayosema mjomba wake.

“Hapana, mheshimiwa,” alisema Nyamizi. “Mjomba amechoka tu.”

Walininyanyua, wakanipa maji. Bwana Masunzu alitangaza kwamba shule yetu ni safi, haina hata mtoto mmoja anayejua kompyuta, na kwamba lile la nailoni bila shaka ni panya. Alinipa mkono, akamwagiza Bi. Leokadia anipe likizo. Aliondoka na furaha.

*

Kwa siku zote zilizofuata nilimuuliza Nyamizi kwa nini. Nilimuuliza kwa upole, nikamuuliza kwa ukali, nikamuuliza nikilia. Alifua nguo zangu zote, alifagia uwanja, alinijazia maji mitungi yote.

Jumatatu baba yake mkubwa alikuja kumchukua. Niliwasindikiza hadi njia panda, nimembebea kifurushi chake, na tulipofika hapo nikashindwa kukiachia. Mzee yule alielewa, akatangulia mbele kidogo.

Nyamizi alikichukua kifurushi mikononi mwangu taratibu, akakiweka kichwani.

“Maswali yalikuwa mepesi, Mjomba,” alisema. “La ramani ndilo lilikuwa jepesi kuliko yote.”